Njia ya Mabawa

1

Ta Laurian alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena na kuitazama skrini ya ukutani kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea kutoka kwa shujaa wa vita.

"Senene wangu wako wapi?"

Nilimtazama bosi wangu, Dada Nyangeta, naye akanitazama mimi. Tulikuwa tumeisimamisha picha ya mchezo wetu wa kompyuta pale pazuri kabisa: mteremko wa Kilima cha Kanyabugwe, Novemba 1978, jua ndiyo kwanza linachomoza, ukungu umelala juu ya nyasi, na kijana wa miaka kumi na tisa anapanda huku akichokoa ardhi kwa singe ya bunduki kutafuta mabomu yaliyotegwa. Kijana huyo ndiye huyu mzee wa miaka themanini na minne aliyekaa mbele yetu na kikombe cha chai. Nyuma yake wenzake thelathini na mmoja walikanyaga pale pale alipokanyaga. Juu kule maadui walitambaa kwenye majani ili wawavizie. Sehemu hiyo niliishona kutoka kwenye kumbukumbu yake kwa wiki tano, na bila kujisifu, ilikuwa inasisimua.

"Senene gani, Ta?" nikauliza. Ta ndivyo Wahaya wanavyomwita mzee wa heshima.

"Senene ni senene. Wadudu. Wa kijani, wa kahawia, wanaokaangwa." Akanyoosha kidole kwenye skrini. "Na hii singe mmeitoa wapi?"

"Imo kwenye kitabu," Nyangeta akasema kwa upole. Kitabu chenyewe kilikuwa juu ya meza, kile chenye jalada jekundu kinachosomwa na kila mwanafunzi. "Ukurasa wa themanini na nne. Koplo Laurian Mutalemwa akafungua njia katikati ya mabomu kwa ncha ya singe yake."

"Aliyekiandika hakuwepo. Wiki ile alikuwa Bukoba mjini, tumbo linamwendesha."

"Lakini Ta," nikasema, "wewe mwenyewe si hukumbuki tena?"

Nilijuta mara tu nilipolisema hilo. Hakukasirika. Aliingiza mkono mfukoni akatoa kipande cha kalenda ya parokia kilichokunjwa mara nne, akanipa nisome.

Hapo ndipo nilipoanza kutokwa jasho, maana mimi ndiye niliyemvalisha kofia.

Kofia yetu husoma kumbukumbu kwa undani kiasi kwamba ukiketi kwenye kiti cha mchezo unasikia hata kola ya shati la mwenzako ikikukwaruza shingoni. Ila inapopita inafuta. Asubuhi unayotupa inakuwa yetu, wewe unabaki na pengo, kama jino lililong'olewa. Wiki sita kabla ya siku hiyo nilikuwa nimemuuliza Ta Laurian mara tatu kama amekubali, kwa sababu fomu inataka mara tatu, na mara zote tatu alinijibu jambo lile lile. Daktari alikwisha kumwambia kichwa chake kinavuja. Basi alitaka asubuhi ile aitoe mwenyewe kwa mkono wake kabla haijavuja kama zile nyingine, iende mahali ambapo watu wataiona, upande huu wa mpaka na upande ule. Nilidhani anataka sifa. Wengi hutaka sifa, na sioni ubaya.

Kwenye kile kipande cha kalenda, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa kuandika kwa kiboko, palikuwa na maneno haya:

*Asubuhi. Senene wengi. Mtu wa upande wa pili, ana pengo la meno ya mbele, sweta imetoboka kiwiko. Singe sikuichomoa. Njia niliyowapandishia wenzangu alinionyesha yeye. Sikumwambia asante.*

"Niliandika kabla hujanivalisha kofia," akasema. "Nilijua nyie vijana mna haraka. Sasa nimekuja kumwona huyo mtu. Nimeandika pengo, nimeandika sweta, lakini hivyo siyo sura. Sura nilikupa wewe, mwanangu. Iko wapi?"

Nyangeta alisogeza picha mbele, akairudisha nyuma. Hapakuwa na mtu mwenye pengo. Palikuwa na maadui wanane wanaotambaa, wote wana sura moja, ile tunayowapa maadui wote.

2

Mimi ni Mngoni wa Songea. Kwetu tunakula kumbikumbi, na senene nilikuwa nawasikia tu kama mtu anavyosikia habari za theluji. Nyangeta ni wa Musoma. Katika ofisi yetu yote pale Mwanza hapakuwa na hata mtu mmoja wa Kagera, na tulikuwa tunatengeneza mchezo wa vita vya Kagera. Naomba jambo hilo lieleweke, si kwa kujitetea.

Kumbukumbu mbichi huwa na chenga. Macho ya mtu hupepesa, moyo hupiga, hofu hurusha vumbi kwenye picha. Kwa hiyo tuna programu inayosafisha, na ikikutana na chenga isizozijua inamuuliza mshonaji. Mshonaji nilikuwa mimi. Nilirudi kwenye daftari la kazi, nikaikuta tarehe, nikalikuta swali: *Chenga za kijani zinazoruka, eneo lote. Ziondolewe?* Chini yake jibu langu: *Ndiyo.* Nilijibu kwa sekunde moja na nusu.

Programu ikaondoa senene kilima kizima, na kwa kuwa haipendi kuacha jambo bila sababu, ikaanza kutafuta sababu. Iliona watu wameinama kwenye nyasi bila kuokota chochote, ikaamua wanatambaa kuvizia. Ikaona kijana anapanda kwa kupindapinda bila alama yoyote ardhini, ikafungua kitabu chenye jalada jekundu na kumkabidhi singe. Kuhusu mtu mwenye pengo, aliyesimama wima katikati ya wadudu wengi kuliko wote, ilimchukua naye kuwa ni chenga.

Tulichoondoa hukaa kwenye kapu siku arobaini, kisha hujifuta. Siku ya thelathini na tisa ndiyo Ta Laurian alipokuja na kipande chake cha kalenda. Namshukuru Mungu hadi leo kwa siku ile moja, na nina sababu.

Nilimwomba aendelee na chai. Nikaingia chumba cha ndani, nikalifungua kapu, nikarudisha asubuhi yote kama ilivyokuwa, pamoja na chenga zake zote, nikaketi kwenye kiti.

Kwanza ni baridi. Soksi zimelowa umande. Halafu mlio, mkavu, wa maelfu ya miguu midogo kwenye nyasi, na mate yananijaa mdomoni, mimi ambaye sijawahi kumla mdudu huyo. Ni mate ya Laurian, ana miaka kumi na tisa, amekula ugali wa baridi siku tisa mfululizo, na nyumbani kwao ni umbali wa siku moja kwa miguu, huko mama yake asubuhi hii hii anawaokota hawa hawa. Bunduki iko mgongoni. Ametoroka kambini kwa nusu saa tu, amepanda bila kujua kuna mabomu, ili akusanye wa kutosha kikosi kizima.

Ndani ya ukungu wapo wengine walioinama. Anadhani ni wenzake wenye njaa kama yake. Anaokota nao bega kwa bega. Mmoja anamsogezea mguu apite. Mwingine anacheka peke yake, kama mtu aliyepata pishi nzima mahali pamoja. Ukungu unapoanza kukatika ndipo Laurian anaiona sare ya aliye karibu naye, na sweta juu ya sare, imetoboka kiwiko.

Yule mtu naye anaona.

Wote wawili wana bunduki mgongoni, na wote wawili viganja vimejaa senene. Ili ushike bunduki ni lazima uwaachie senene. Nilihisi Laurian akilifikiria jambo hilo, kwa dhati kabisa, na nilihisi mwenzake analifikiria vile vile. Sekunde zikapita. Hakuna aliyefungua kiganja. Kisha yule mtu akatabasamu, na pale mbele meno mawili hayapo.

Laurian akapiga hatua moja nyuma.

"Hapo usikanyage, ndugu," yule mtu akasema, kwa Kiswahili cha kambini. "Pita huku."

Akaonyesha kwa kidevu maana mikono ilikuwa na kazi, akatangulia kuteremka, akipinda kulia, akipinda kushoto. Bereti yake aliigeuza kikapu. Kila senene aliyemtia ndani alimng'oa kwanza mabawa asije akaruka, na mabawa akayatupa. Yaliganda kwenye umande pale yalipoangukia. Laurian akayafuata hadi chini, akafika salama, akakimbia. Hakugeuka nyuma.

Sikuweza kuvumilia sehemu iliyofuata, lakini niliimaliza kwa sababu nilikuwa na deni la kuimaliza. Luteni anatangaza amri ya kupanda kilima. Thelathini na wawili hawa wote watapita kwenye mabomu. Laurian anasema, "Afande, mimi naijua njia." Wanapanda juu ya mabawa, mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja anayepoteza mguu. Milio ya bunduki huko juu haikuchukua dakika kumi. Mwisho kabisa, ukingoni mwa handaki, ipo bereti imelala kifudifudi, na senene wasio na mabawa wanatoka chini yake polepole. Mwenyewe hayupo, mzima wala maiti. Laurian anaitazama ile bereti mpaka anaitwa.

Nilishuka kwenye kiti nikalia kidogo, kisha nikaenda kumwambia Nyangeta.

3

Nyangeta si mtu mbaya, nisije nikasomwa vibaya. Aliitazama asubuhi ile mara mbili, akafunga kitabu chenye jalada jekundu na kukitia kwenye droo. Hilo peke yake lilinifurahisha.

"Tunamrudisha," akasema. "Lakini nijibu jambo moja. Kwenye mchezo wetu kila askari anapigika. Huyu naye apigike?"

"Hapana."

"Basi unawadanganya wachezaji. Asubuhi ile angeweza kupigwa. Ukimkinga na risasi, unageuza alichofanya Laurian kuwa si kitu, maana hakuwa na la kuchagua."

"Basi apigike."

"Na Jumamosi mchezo unafunguliwa, watu laki mbili wanaketi kwenye viti. Wangapi watampiga ndani ya dakika ya kwanza wapate alama?"

Niliwaza kwamba mtu yule amekaa miaka sitini na mitano ndani ya kichwa cha mtu mmoja tu, ametunzwa humo kama yai, na mimi nataka kumtoa nje apigwe risasi na watu wanaokula bisi. Nilimwambia Nyangeta hivyo hivyo. Tulibishana mpaka chai ya pili ya Ta Laurian ikapoa, na mwisho tuliona aibu kubishana juu ya mtu ambaye mgeni aliyekuja kumwona yuko chumba cha pili. Tukaenda kumuuliza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza kila kitu nilichokiona, kwa sababu yeye hakuwa nacho tena: viganja vilivyojaa, kidevu, mabawa, bereti. Ilikuwa ajabu kumsimulia mtu asubuhi yake mwenyewe. Nilipofika kwenye bereti aliinamisha kichwa.

"Bunduki yangu ilikuwa na risasi?" akauliza.

"Ilikuwa nazo, Ta."

"Na yake?"

"Sijui. Nadhani nayo ilikuwa nazo."

"Basi apigike." Alisema bila kupandisha sauti. "Nilichofanya cha maana siku ile ni kutokufungua kiganja. Haya mengine yote, kilima, nishani, shule wanayoiita kwa jina langu, yamenijia kwa sababu ya mtu yule. Mkimfanya wa chuma, mtakuwa mmeninyang'anya na hicho kidogo."

"Na atakayempiga je?" Nyangeta akauliza.

Ta Laurian alimtazama kama watu wanavyomtazama mtu msomi aliyeuliza jambo jepesi.

"Si atapanda kilima mwenyewe? Mabawa atamwekea nani?"

Tulifanya hivyo. Hatukuweka onyo wala maandishi ya kumfundisha mchezaji. Yule mtu akipigwa, njia haipo, na wote thelathini na wawili wanaingia kwenye mabomu kama ambavyo wangeingia. Kazi ya kumrudisha ilinichukua siku mbili bila kupumzika. Sura yake niliishona kwa mkono, programu nikaizima. Kila mara swali la chenga lilipojitokeza nililisoma lote, hadi nukta.

Alhamisi mchana Nyangeta alitaka kuijaribu mwenyewe, kama afanyavyo na kila mchezo. Aliketi, akashuka kwenye ukungu, akaona sare, akafyatua. Sekunde nne. Kwa kweli alikuwa anajua habari yote, na bado mkono ulikwenda wenyewe, miaka ishirini ya michezo ndiyo iliyofyatua. Halafu akawapandisha wenzake kilima. Nilimwona kupitia kioo akishika mikono ya kiti.

Alitoka uso umemshuka. Alikunywa maji glasi nzima.

"Rudisha mwanzo," akasema.

Mara ya pili aliiacha bunduki mgongoni akainama kuokota senene. Aliokota kwa robo saa nzima, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na aliporudi chini kwa njia ya mabawa alikuwa anacheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja.

"Otilia," akaniambia, "kwa miaka yote hii nilikuwa nafikiri tunatengeneza michezo ya vita."

4

Ta Laurian alikuja Ijumaa asubuhi, amevaa suti ya kahawia na nishani zake zote, na mkononi ana kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kitambaa. Alinikabidhi mimi.

"Binti yangu amekaanga," akasema. "Mtu aliyewafuta anapaswa kuwaonja."

Niliwaonja. Nasema ukweli, nilimaliza nusu kopo kabla sijamfunga mikanda ya kiti.

Nilimweleza jinsi ya kutumia mikono, jinsi ya kugeuka, na kwamba akitaka anaweza kusema, sauti yake itasikika humo ndani. Nilimwambia pia kwamba aliyemo humo ametengenezwa na kumbukumbu tu. Anayajua yale aliyoyasema na kuyafanya siku ile, basi, zaidi ya hapo hana.

"Ananijua?"

"Hakukujua hata siku ile, Ta."

"Kweli," akasema. "Haya, nipeleke."

Nilikaa kwenye meza ya kuongozea, Nyangeta amesimama nyuma yangu. Kwenye skrini ukungu ulitanda, mlio mkavu ukaanza. Mzee hakukumbuka kitu. Alikuwa anapita pale kwa mara ya kwanza, na hilo ndilo lililokuwa linanitia hofu, kwa maana kijana aliyeiacha bunduki mgongoni mwaka 1978 hakuwa mtu huyu tena, na mtu huyu alikuwa ameishi miaka mingi akiitwa shujaa. Nikaona mikono yake inatafuta bunduki, inagusa mkanda wake, inapima uzito. Nyangeta akanishika bega.

Mikono ikaiacha bunduki. Akainama, taratibu, kwa magoti ambayo huko ndani hayakumuuma, akaanza kuokota. Alikuwa anawaokota kwa vidole viwili, haraka, kama mtu aliyefundishwa na mama yake, na kazi ile haikuwa imefutika, ilikuwa vidoleni. Viganja vikajaa. Ukungu ukakatika.

Yule mtu alikuwa pale, na sweta yake iliyotoboka. Wakatazamana. Meno mawili ya mbele hayakuwepo.

"Kumbe ndiye wewe," Ta Laurian akasema. Sauti yake ilitoka kwenye spika ikiwa nyembamba. "Asante, ndugu yangu. Asante sana."

Yule mtu hakujibu. Hakuwa na jibu, kwa sababu siku ile hakuna aliyemshukuru, na mashine haikuwa na cha kumpa. Alisimama tu anatabasamu, viganja vimejaa.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Sauti yake ninayo, midomo yake niliishona mimi, na neno lenyewe ni moja. *Karibu.* Sekunde mbili zingetosha, na mzee angeondoka duniani ameitikiwa. Nilitamani kulifanya kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote katika kazi hii. Nikamfikiria mtu yule, ambaye sisi tulikwisha kumnyima uso na kumwita chenga, na sasa nilitaka kumtia mdomoni neno asilolisema. Nikaondoa kidole, nikauweka mkono wote chini ya meza.

Ta Laurian akapiga hatua moja nyuma ili amwone vizuri.

"Hapo usikanyage, ndugu," yule mtu akasema, na kuonyesha kwa kidevu. "Pita huku."

Mzee akaanza kucheka. Alicheka mpaka nishani zikagongana kifuani, huku kwetu, kwenye kiti.

"Sikanyagi," akasema. "Nimesikia, sikanyagi. Nina watoto saba, ndugu yangu. Wajukuu ishirini na watatu. Wote wanakushukuru."

Yule mtu aling'oa mabawa ya senene mmoja, akayatupa kwenye umande, akatangulia. Ta Laurian akamfuata hadi chini, na safari hii hakukimbia.